Nauza ruta za bei nafuu zenye programu ya kraki. Je, ninakosea?

*"Natengeneza ruta kutokana na kompyuta ndogo za ofisini zilizoachwa kutumika. Naongeza kadi ya mtandao yenye poti nne, nabadilisha diski, nasafisha vumbi, kisha naweka mfumo wa ruta wa kampuni moja kubwa ambao leseni yake imevunjwa. Nina diski moja niliyoiandaa vizuri. Kila boksi jipya linapata nakala ya hiyo. Nimeshauza 19: shule, vyumba vya intaneti, zahanati moja, na majirani wanaogawana laini. Wateja wangu hawana uwezo wa kununua vifaa vipya vya nguvu hiyo. Kampuni yenyewe ni tajiri, haijui hata kama nipo, na sijamnyang'anya mtu kitu. Faili la kraki, yaani lile la kuvunjia leseni, nililipima kwa programu ya kuzuia virusi likaonekana safi, na maboksi yanafanya kazi mwaka wa pili sasa. Rafiki yangu, naye fundi mitandao, ananiambia huu ni wizi na kwamba nitawaumiza watu. Tumegombana. Nani kati yetu yuko sahihi? Na kama ni mimi niliyekosea, nifanye nini na yale 19?"*

Ndugu yangu, nimelisoma swali lako mara mbili, na nadhani wewe na rafiki yako mmegombana kwa sababu kila mmoja anazungumzia kitu chake. Yeye anaitazama kampuni. Wewe unawatazama wateja. Mimi nitaanza na kampuni kwa sababu ndiyo iliyowagombanisha, ila nakuambia mapema kwamba kinachonikosesha usingizi katika barua yako ni ile zahanati.

Kwanza, haki yako. Kazi ya mikono yako ni halali na ni nzuri. Ruta ni kompyuta tu, yenye kadi mbili au zaidi za mtandao na programu inayojua kila pakiti, yaani kipande cha data, ielekee wapi. Hakuna anayemiliki wazo hilo. Kompyuta iliyotolewa ofisini kwa sababu mfumo mpya wa mezani umeilemea bado inaweza kusukuma pakiti kwa kasi inayozishinda ruta nyingi ndogo za nyumbani. Kuiokoa isitupwe na kuifikisha shuleni ni jambo la kupongezwa, na rafiki yako angeanza na hilo, huenda msingefika mbali.

Sasa hoja yako kwamba hujamnyang'anya mtu. Ina nusu ya ukweli. Nikichukua baiskeli yako, wewe utatembea kwa miguu. Ukinakili programu, mwenyewe bado anayo. Ndiyo maana sheria za nchi nyingi haziliiti tendo hili wizi; zinaliita ukiukaji wa hakimiliki. Rafiki yako kakosea neno. Hata hivyo usikimbilie kufurahi, maana programu za kompyuta zinalindwa kama kazi za maandishi katika nchi zote zilizo chini ya mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, isipokuwa zile maskini zaidi ambazo bado zimepewa muda. Na kuvunja kufuli la leseni ni kosa la pili, linalosimama peke yake katika nchi zilizoufuata Mkataba wa Hakimiliki wa WIPO, Shirika la Miliki Bunifu Duniani, wa mwaka 1996. Kijana anayejifunza usiku chumbani kwake kwa nakala isiyo halali, na mtu anayeuza nakala 19 kwa faida, mbele ya sheria wanaweza kuwa wote wakosaji, lakini mimi siwezi kuwaweka kwenye mizani moja. Wewe umeshahama chumbani.

Unasema wateja wako wasingenunua leseni hata siku moja, kwa hiyo kampuni haikupoteza mauzo. Inawezekana kabisa. Ila yupo mwingine aliyepoteza ambaye hukumtaja: fundi mwenzako anayelipia leseni, au anayekesha akijifunza mifumo ya chanzo huria, ile ambayo maandishi yake yako wazi kwa wote, kisha anakuta bei yako iko chini ya gharama yake. Kampuni tajiri haitamsikia. Wewe ungeweza kumsikia, maana huenda ndiye huyohuyo rafiki yako.

Kuhusu utajiri wa kampuni, nikusimulie kidogo, kwa sababu historia ya ruta ina kejeli zake. Cisco, kampuni kubwa ya vifaa vya mtandao, ilianzishwa mwaka 1984 na watu wa Chuo Kikuu cha Stanford, na ruta zake za mwanzo zilisimama juu ya programu na bodi zilizotokana na kazi ya chuoni. Ulizuka mgogoro mkali, ukamalizika mwaka 1987 kwa chuo kuipa kampuni leseni. Januari 2003, Cisco hiyohiyo ikaishtaki kampuni ya Huawei ikidai Huawei imenakili msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu. Katikati ya mwaka uleule ikakamilisha kuinunua Linksys, kampuni ya ruta za nyumbani, na wapekuzi wakagundua kwamba ruta ya Linksys aina ya WRT54G ina Linux, mfumo wa chanzo huria, ndani yake, wakati wanunuzi hawapewi msimbo kama leseni ya Linux inavyodai. Yaani mlalamikaji wa Januari akawa mlalamikiwa kabla mwaka haujaisha.

Unaweza kuichukua hadithi hii kama kinga: kumbe hata wakubwa wamepitia huko. Mimi naomba uangalie ilivyoishia. Linksys ilibanwa, ikatoa msimbo. Juu ya msimbo ule, mwaka 2004, ukazaliwa mradi wa OpenWrt, ambao leo unawasha aina nyingi mno za ruta duniani bila mtu kulipia leseni. Zawadi kubwa kuliko zote ambayo fundi wa vifaa vya bei nafuu amewahi kupata ilipatikana kwa sababu watu walisimama wakadai leseni iheshimiwe. Leseni ya GPL, inayoilinda Linux isifungiwe na matajiri, meno yake makuu ni hakimiliki. Ukisema hakimiliki ni upuuzi kwa sababu mwenye nayo ni tajiri, umempa tajiri ruhusa ya kuchukua Linux na kuifungia. Usione vyaelea, vimeundwa, na hivi vya bure vimeundwa na watu waliojitolea usiku wao.

Basi, nimemaliza na kampuni. Tuje kwa wateja.

Umeniambia faili la kraki ni safi. Ili uelewe kwa nini kipimo chako hakikuambii kitu, inabidi ujue leseni inavyovunjwa. Katika mifumo mingi ya kisasa ya ruta, leseni si neno la siri lililofichwa mahali. Kampuni ina jozi ya funguo za kihisabati: mmoja wa siri unabaki kwao, mwingine wa wazi umepachikwa ndani ya programu. Ukinunua leseni, wanachukua kitambulisho cha diski au mashine yako, wanakitia saini kwa ufunguo wa siri, wanakutumia. Programu ikiwaka, inaikagua saini hiyo kwa ufunguo wa wazi. Kuighushi saini yenyewe haiwezekani kwa kompyuta tulizonazo. Kwa hiyo mvunjaji haghushi leseni. Anaifumua programu na kuibadilisha kutoka ndani.

Ana njia mbili. Ya kwanza ni kuifuta hatua ya ukaguzi ili jibu liwe "ndiyo" siku zote. Ya pili ni kuung'oa ufunguo wa wazi wa kampuni na kupachika wa kwake, kisha anajitilia saini leseni azitakazo. Kaa kidogo kwenye hiyo ya pili. Mfumo unaoamini saini hauzitumii kwa leseni peke yake; ndizo zinazouambia pia kama kifurushi cha masasisho ni cha kweli. Mvunjaji akiubadilisha pia ufunguo huo wa masasisho, basi machoni pa boksi lako yeye ndiye kampuni. Siku akitaka kuliletea kifurushi chake, boksi litakikagua, litaridhika, litakifunga.

Programu ya kuzuia virusi haioni haya. Inatafuta sura za virusi inavyovijua, na vingi kati ya hivyo ni vya kompyuta za mezani. Haijui mfumo wa ruta yako ulikuwaje kabla haujaguswa, kwa hiyo haiwezi kujua kilichobadilika. Kwa mfumo wenye saini, swali la kuuliza ni moja: je, faili hili linafanana baiti kwa baiti na lililotolewa na mwenyewe? Jibu unalo tayari. Halifanani, maana lingefanana kraki isingefanya kazi.

Sisemi aliyevunja leseni hii ni mhalifu wa kupeleleza wagonjwa. Pengine ni mtoto mwenye akili anayependa kufungua vilivyofungwa. Tatizo ni kwamba wewe humjui, na umempa nafasi ambayo usingempa fundi uliyemwona kwa macho. Na nia njema ya aliye katikati haisaidii. Mwaka 2015 watengenezaji wengi wa programu za simu walipakua zana za kazi za Apple kutoka vyanzo visivyo rasmi, kwa sababu tu huko kulikuwa na kasi zaidi. Zana zilikuwa zimechezewa. Kila programu waliyoitengeneza ilitoka na kidudu kilichokuja kuitwa XcodeGhost, ikapita kwenye duka rasmi, ikafika kwa watu. Hakuna hata mmoja wao aliyetaka kumdhuru mteja.

Kuna jambo jingine la hakika kuliko hili la wasiwasi: masasisho. Nathubutu kukisia kwamba kwenye maboksi yote 19 umeyafunga. Ulilazimika. Sasisho rasmi linarudisha mafaili halisi, kraki inakufa, na asubuhi mteja anakupigia simu kwamba mtandao umelala. Kwa hiyo mianya yote iliyokuwepo siku uliyoandaa diski yako bado iko wazi leo, na mingine imeshatangazwa hadharani pamoja na maelekezo ya kuiingia.

Aprili 2018 MikroTik, watengenezaji wa ruta, walitoa sasisho la kuziba mwanya uliomwezesha mtu wa mbali kusoma faili la watumiaji na nywila bila kuingia kihalali. Kiraka kilikuwa tayari. Agosti mwaka huohuo ruta zaidi ya 200,000 za aina hiyo zilikutwa zimetekwa na kutumika kuchimba sarafu za kidijitali kupitia vivinjari vya watu. Nyingi kati yake zilikuwa na leseni halali kabisa. Kilichoziponza ni kutosasishwa. Wenye leseni walizembea. Wewe umejiwekea hali ambayo hata ukitaka kutozembea huwezi.

Nikuambie na upande wa pili, usije ukasema natisha. Mwaka 2020 wachunguzi wa F-Secure, kampuni ya usalama wa kompyuta, walifungua swichi (vifaa vya kuunganisha kompyuta kwenye mtandao) mbili bandia zilizojifanya Cisco Catalyst 2960-X. Hawakukuta mlango wa siri wa kijasusi. Walichokuta ni ujanja wa kukwepa ukaguzi wa uhalali. Na mwenye swichi aligunduaje? Alisasisha programu, zikagoma. Mara nyingi balaa linakuja hivyo, bila jasusi yeyote, ni kifaa tu kinachokufa siku ambayo mtu alikuwa anajaribu kufanya jambo sahihi.

"Yanafanya kazi mwaka wa pili." Ndiyo, na ruta iliyotekwa nayo inafanya kazi. Aliyeiteka anaihitaji iwe hai. Genge la DNSChanger, lililovunjwa na FBI mwaka 2011, lilikuwa limebadilisha anwani za DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake, kwenye kompyuta kama milioni 4. Watu waliendelea kusoma barua pepe kama kawaida huku maswali yao yote ya "tovuti hii iko wapi" yakijibiwa na wahalifu. Ruta ikiwa katikati ya njia, inaweza kufanya hivyo kwa jengo zima.

Halafu kuna ile diski yako moja uliyoiandaa vizuri. Hili halina uhusiano na leseni, ila nisingelala vizuri nikiliacha. Niliwahi kuletewa maboksi mawili ya fundi mmoja, kutoka kwa wateja wawili wasiojuana. Nikayaweka mezani, nikachomeka waya kwenye la kwanza, nikaliomba linionyeshe alama ya ufunguo wake wa SSH (njia ya kuingia kwenye ruta kutoka mbali), ule unaokuthibitishia kwamba kweli unaongea na ruta hiyo na si nyingine. Nikafanya hivyo kwa la pili. Mistari miwili kwenye skrini, nikaifuata kwa kidole herufi kwa herufi: ileile. Yaani mwenye boksi moja angeweza kujifanya ndiye boksi la mwenzake, na kompyuta ya msimamizi isishtuke. Nywila ya msimamizi, ileile. Na kwenye orodha ya watumiaji kulikuwa na mmoja anaitwa "sapoti" mwenye ruhusa zote. Nilimpigia fundi kumuuliza huyu sapoti ni nani. Alidhani nimemweka mimi.

Sasa nenda kaangalie yako.

Nikirudi kwenye swali la maadili, nina kipimo changu cha kifundi. Chukua stakabadhi utakayompa mwenye zahanati, uandike chini: "Programu iliyomo haina leseni, imebadilishwa na mtu nisiyemjua, na haitapokea masasisho ya usalama." Ukiweza kumkabidhi karatasi hiyo, naye akaisoma, akaelewa, akalipa, basi mgogoro wako umebaki na kampuni na sheria. Kama mkono unasita kuandika, ujue kuna kitu ulichomuuzia ambacho hakukiona. Yeye alinunua ruta. Hakujua amenunua na hatari, na zaidi ya hapo hatari yenyewe si yake: ni ya mgonjwa ambaye majibu yake ya vipimo yanapita kwenye boksi lile na hajawahi kukusikia wewe. Umaskini wa mteja ni hoja nzito ya kumtafutia njia ya bei nafuu. Haiwi ruhusa ya kumfanyia uamuzi akiwa hajui.

Kwa hiyo rafiki yako yuko sahihi kwenye la maana, na amekosea kwenye neno. Mkutane, mmalize.

Njia ya kutokea ipo, tena ni fupi kuliko unavyodhani. Kama wateja wako wanahitaji vocha za intaneti na ukurasa wa kuingilia, tazama OPNsense, mfumo wa ruta wa chanzo huria uliochipuka kutoka pfSense Januari 2015. Vocha zimo ndani yake. Inataka kompyuta ya biti 64 yenye kumbukumbu ya kutosha, na usiitegemee kurusha Wi-Fi yenyewe. Weka kirushi cha pembeni. Kwa mashine dhaifu zaidi, OpenWrt ya kompyuta za kawaida inaridhika na kumbukumbu ndogo sana, ila vocha utazipachika mwenyewe, na wiki mbili za kwanza utanilaani. VyOS, mfumo mwingine wa ruta, itakufaa kama umezoea kuandika amri na hutaki vitufe. Sitakudanganya kwamba utapata kila ulichozoea. Mfumo wa kibiashara una dirisha moja lenye kila kitu na mafundi wengi wanaoujua. Huku utasoma zaidi na kuuliza zaidi.

Chanzo huria nacho kina leseni, usisahau. Ukiuza boksi lenye programu za GPL toleo la 2, unawajibika kumpa mnunuzi msimbo wake, au ahadi ya maandishi, yenye uhai wa miaka 3 angalau, kwamba yeyote akiuomba atapewa kwa gharama ya kunakili tu. Karatasi moja ndani ya boksi inatosha, mradi kweli uwe umehifadhi msimbo wa toleo hilohilo. Majina na nembo ni jambo jingine: kuruhusiwa kutumia msimbo hakukupi ruhusa ya kuuza boksi kwa jina la mradi. Soma masharti ya nembo kabla hujachapisha stika.

Kununua leseni nako usikudharau kabla hujauliza bei. Mafundi wengi wana kichwani bei za makampuni makubwa ya ofisi kubwa, hawajawahi kuuliza za wengine. Leseni ya RouterOS ya MikroTik, kwa mfano, unailipia mara moja kwa kila usakinishaji na haiishi muda. Toleo lao la kwenye mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya nyingine) linapatikana bure likiwa limebanwa kwenye megabiti 1 kwa sekunde kwa kila poti. Halifai kwa mteja, ila linatosha sana kwa kujifunza. Na ruta zao ndogo zinakuja na leseni ndani tayari.

Hapo naomba ufanye hesabu ambayo nahisi hujaifanya. Kompyuta ya zamani ya mezani inayokula wati 60 mchana na usiku inamaliza kama kilowati-saa 526 kwa mwaka. Ruta ndogo ya wati 5 inamaliza kama 44. Pima yako kwa mita kabla hujaniamini, maana vijikompyuta vyembamba vinakula kidogo zaidi. Lakini kwa baadhi ya wateja wako, lile boksi la bei nafuu linaweza kuwa ndilo wanalolilipia zaidi, kidogokidogo, kwenye bili ya umeme.

Yale 19. Kosa la kwanza ambalo watu hufanya ni kununua leseni na kuiingiza juu ya mfumo uleule uliovunjwa, wakaona wamejisafisha. Umelipa, vizuri, lakini mafaili yaliyoguswa bado yako palepale. Diski inafutwa yote, mfumo unapakuliwa kwa mwenyewe, na muhtasari wake wa SHA-256 (alama ya kihisabati inayobadilika faili likiguswa) unalinganishwa na uliotangazwa kabla ya kusakinisha. Usanidi wa zamani utoe kama maandishi unayoweza kuyasoma mstari kwa mstari. Usichukue ile chelezo (nakala ya akiba) iliyofungwa isiyosomeka, maana utarudisha usichokijua. Kila mstari usioweza kuueleza, hauendi. Funguo za SSH zizaliwe upya kwenye kila boksi, na hapo diski yako ya kunakili iwe imestaafu. Nywila zote zilizowahi kukaa ndani zihesabiwe zimejulikana: za msimamizi, za Wi-Fi, za PPPoE (za kuunganishia laini ya intaneti), funguo za VPN (njia ya siri ya mtandao). Andaa boksi moja la akiba, ulizungushe: unaweka la akiba, unachukua la mteja, unalisafisha, linakuwa akiba ya anayefuata. Hakuna atakayelala bila mtandao.

Nani alipe? Kwa maoni yangu, wewe. Uliuza kitu chenye kasoro uliyoijua. Na waambie, usiende kimyakimya ukijifanya unasafisha vumbi, kwa sababu watakuuliza kwa nini nywila zimebadilika, na uongo wa pili utakuwa mzito kuliko wa kwanza. Wengine watakasirika. Baadhi hutawaona tena.

Wakati wa kutafuta mtu wa ana kwa ana ni huu. Ukishapokea barua yoyote kutoka kwa mwenye hakimiliki, au kama mojawapo ya shule hizo ni ya umma na boksi lilinunuliwa kwa zabuni, usijibu wala usifute kitu mpaka umeonana na wakili. Nilichoandika hapa hakichukui nafasi yake. Na kabla hujagusa boksi lolote, likague. Tafuta watumiaji usiowaweka, kazi zilizopangwa kwa saa ambazo hukuziandika, anwani za DNS usizozitambua, proksi ya SOCKS (njia ya kupitishia mawasiliano ya wengine) iliyowashwa, kanuni za faiawali zinazoruhusu anwani moja ya ajabu. Ukikuta hata kimoja, hapo hatuzungumzii tena leseni. Muite mtaalamu wa usalama wa mitandao aje, na utoe taarifa kwa timu ya taifa ya kukabiliana na matukio ya kompyuta kama nchi yako inayo.

Anza na zahanati, wiki hii. Kwa boksi lile peke yake, usifute diski. Piga picha za orodha ya watumiaji na kazi zilizopangwa, lizime, ichomoe diski, iandike tarehe kwa kalamu, uifungie kabatini, na uweke diski mpya. Wakiuliza baadaye kama kuna taarifa za wagonjwa zilizotoka nje, jibu litatafutwa humo.